Mchuzi wa Njugu Baada ya Zamu

Maharagwe makavu, hata yakilowekwa usiku kucha, hukaa motoni zaidi ya saa nzima; yakiwa ya msimu uliopita hudai mbili. Mahindi ya githeri ndiyo usiseme. Matumbo, kwa asiye na sufuria ya presha, ni kazi ya Jumapili. Haya ndiyo mahesabu anayoyafanya kila mpangaji wa chumba kimoja kati ya mitaa ya Makadara na Sofia, hapa Athi River, anapotoka kazini jioni, kabla hajafika kwa mama mboga, na mara nyingi hesabu huamua kitakacholiwa bila ulimi kuulizwa. Gesi ya mtungi wa kilo sita ikikata katikati ya mwezi, imekata. Makaa ya kopo yamepanda bei na kopo lenyewe limepungua. Mafuta taa, yaliyokuwa kimbilio la asiye nacho, yaliongezewa ushuru mwaka 2018 ili wafanyabiashara waache kuyachanganya na dizeli, na tangu hapo stovu nyingi zimegeuka kuwa mapambo chini ya kitanda.

Ndiyo maana Athi River, saa za jioni, huuza muda. Malango ya EPZ, eneo maalumu la viwanda vinavyouza bidhaa nje ya nchi, yakifunguliwa, Barabara ya Viwanda hujaa watu mpaka magari yanatambaa. Wengi wa wanaotoka ni wanawake, na wengi wa wanaowangoja kando ya barabara ni wanawake pia. Mmoja ana kisu na fungu la sukuma wiki: unanunua ya shilingi ishirini, anakukatia papo hapo, nyembamba kuliko utakavyoweza wewe, huku akiongea na mteja mwingine bila kutazama vidole vyake. Mwingine amechemsha githeri tangu asubuhi na anaipima kwa kopo. Wa tatu ana maharagwe yaliyoiva, yanayongoja kitunguu tu. Halafu chapati, halafu omena zilizokwisha kukaangwa. Yule wa githeri anakuuzia saa tatu za makaa ambazo hukuwa nazo kwa sababu ulikuwa umekaa kwenye cherehani, na bei yake, ukiigawanya kwa saa hizo tatu, inatia haya.

Katika soko hilo la muda, mlo ninaotaka kuutetea ni tambi za pakiti kwa mchuzi wa njugu. Huku kwetu tambi hizo zote huitwa indomi, hata pakiti ikiwa imeandikwa jina jingine kabisa. Zina sifa mbaya. Husemwa ni chakula cha mwanafunzi wa chuo aliyefilisika, au cha mtoto aliyekataa ugali, au cha mwanamke mvivu. Na anayesema hilo la mwisho mara nyingi ni mtu ambaye hajawahi kuwasha jiko saa mbili usiku akiwa amesimama tangu asubuhi. Wala asinikumbushe mtu habari ya haraka isiyo na baraka. Aliyetunga methali ile, nashuku, alikuwa na mtu jikoni.

Ili kuelewa kwa nini dakika kumi na mbili za kuupika mlo huu zinaweza kuwa jambo la kuandikia makala, ni lazima kwanza kutazama ndani ya lile lango. Sheria ya EPZ ilipitishwa mwaka 1990. Mpango ulikuwa wazi: mwekezaji aingize mashine na malighafi bila ushuru, asilipe kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10 ya kwanza, kisha alipe asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata, naye auze bidhaa zake nje ya nchi na kuajiri watu wetu. Kwa muda viwanda vilikuwa vichache. Kisha Marekani ikapitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, na nguo zilizoshonwa Kenya zikaruhusiwa kuingia kule bila ushuru hata kama kitambaa chenyewe kimefumwa China au India. Mashine zikaongezeka, vyumba vya kupanga vikaongezeka, ploti zikapanda ghorofa. Kitambaa hushushwa Mombasa, hupandishwa hadi hapa, hukatwa, hushonwa, hupigwa pasi, kisha hurudishwa Mombasa kikiwa suruali. Kinachobaki Athi River ni mshahara na nyuzi zilizong'ang'ania kwenye sweta za wafanyakazi.

Suruali hiyo haishonwi na mtu mmoja. Huyu anashona mfuko wa nyuma, yule anatia zipu, mwingine anashona lupu za mshipi kutwa nzima na suruali nzima haioni. Kila hatua imepimiwa muda wake, na kutokana na muda huo hupatikana tageti ya saa. Supavaiza akipita na karatasi yake, hahitaji kusema neno. Anayeshona lupu anajua amebaki nyuma kwa lupu ngapi. Mwezi wa Januari 2003, wiki chache baada ya Mwai Kibaki kuapishwa, wafanyakazi wa EPZ waligoma wakilalamikia mishahara na hali ya kazi. Watu wa umri wangu wanaikumbuka migomo ile kwa kishindo chake. Mimi nakumbuka zaidi jinsi walivyozungumza kuhusu muda: wa kwenda msalani, wa kula, wa kufika nyumbani watoto wakiwa bado macho.

Mtu aliyehesabiwa dakika mchana kutwa anapofika nyumbani, sioni ni nani mwenye haki ya kumdai saa mbili za maharagwe.

Tambi zenyewe pia zina mtu aliyezitolea muda wake. Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan aliyekuwa akifanya biashara Japani, alijifungia katika kibanda nyuma ya nyumba yake mjini Ikeda, karibu na Osaka, akitafuta njia ya kuhifadhi tambi ili ziive kwa maji ya moto tu. Tarehe 25 Agosti 1958 pakiti yake ya kwanza ikaingia sokoni kwa yen 35, wakati tambi mbichi za udon ziliuzwa kwa yen 6. Kwa hiyo chakula hiki tunachokiita cha maskini kilizaliwa kikiwa anasa, na aliyekilipia alikuwa akilipia uvivu ulioandaliwa kwa jasho la mwenziwe. Siri yake ni mafuta. Tambi hupikwa kwanza kwa mvuke, kisha hutumbukizwa katika mafuta ya moto sana kwa muda mfupi. Maji yaliyomo hutoka kwa fujo na kuacha vitundu vidogo kila mahali. Baadaye, maji ya sufuria yako yanarudi kupitia vitundu hivyo hivyo. Pakiti unayoinunua imeshapikwa mara mbili kabla hujaigusa. Wewe unairudishia maji ambayo ilinyang'anywa. Huko Indonesia, kampuni iliyoanza kuuza Indomie mwaka 1972 ilitoa takriban miaka kumi baadaye aina ya kukaanga isiyo na supu, na hiyo ndiyo iliyoteka ulimwengu, sisi tukiwemo.

Basi tupike.

Maji ya huku ni suala. Ya visima vingi yana chumvi chumvi, na yale matamu huja kwa jerikeni za lita ishirini mgongoni mwa mkokoteni. Mlo huu unatumia maji machache na hautupi hata tone. Kwa watu wawili, pakiti mbili na vikombe vitatu vya maji vinatosha. Maji yakichemka, tia tambi, na kabla hazijalegea kabisa tia sukuma wiki ile uliyokatiwa, ikae dakika moja, isipoteze rangi. Ukiwa na yai, lipasulie pembeni mwa sufuria na uliache lijishikilie. Kifuko cha viungo kiweke kando kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na kifuko kile kikimwagwa chote humeza sehemu kubwa ya hizo gramu kwa mlo mmoja. Nusu yake inatosha. Ikiwa maji ni ya kisima, robo.

Mchuzi hauhitaji moto wake peke yake. Katika bakuli weka vijiko vitatu vilivyojaa vya siagi ya njugu, ile isiyotiwa kitu kingine chochote. Ponda punje mbili za kitunguu saumu, kwaruza kipande cha tangawizi, tia pilipili kwa kadiri ya ujasiri wako na ile nusu ya kifuko, au soya sosi kama mwezi bado mchanga. Sasa chota maji ya moto yaliyochemshia tambi, kijiko kimoja tu, ukoroge. Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Siagi, badala ya kulainika, inakaza. Rangi yake ya kahawia inapauka, kijiko kinasimama, na bakuli zima linafanana na saruji iliyosahauliwa kwenye toroli, nasi watu wa Athi River saruji tunaijua. Usiogope wala usimwage kikombe kizima kwa hasira. Tia kijiko cha pili, koroga, cha tatu, koroga. Katika siagi ya njugu chembe za njugu zimeogelea katika mafuta yake. Maji machache yakiingia, chembe huyanyonya na kugandamana. Yakifika ya kutosha, mambo hugeuka: maji ndiyo yanakuwa bahari, na mafuta yanatawanyika ndani yake matone matone. Utaona kwa macho. Ule uzito unaachia ghafla, mchuzi unang'aa na kuanza kutiririka kutoka kwenye kijiko kwa utepe mmoja. Wanga uliotoka kwenye tambi husaidia kuushikilia usitengane. Ndiyo sababu maji yale hayamwagwi.

Uache mwepesi kidogo kuliko unavyoupenda, kwa kuwa tambi zitaendelea kunywa hata zikiwa sahanini. Kisha kamulia limau. Bila kitu kichachu mchuzi huu hulala tu mdomoni, mzito, na baada ya uma wa tatu unachosha. Ukambani hatuna shida na uchachu: ukwaju wa Kitui na Kibwezi unauzwa hadi huku, na ukiloweka kipande kwenye maji ya moto wakati tambi zinaiva, unapata kitu bora kuliko limau. Changanya vyote, nyunyiza dania. Zima jiko. Kutoka kuwasha hadi kuketi hazipiti dakika kumi na mbili, na gesi imewaka kwa nusu ya hizo.

Kwenye ploti yetu anaishi mshonaji mmoja mzaliwa wa upande wa Busia, Mteso, mama wa watoto wawili. Mlango wake unatazamana na wangu, na harufu ya njugu haina adabu ya kubisha hodi. Aliposimama mlangoni na kuona nilichokuwa nikimwagia mchuzi, aliweka mikono kiunoni.

"Mwalimu, hiyo kwetu ni ya majani ya kunde na ugali wa wimbi. Wewe unaimwagia indomi?"

"Karibu uonje, mama."

"Sionji. Nitaleta sahani."

Alileta mbili, na watoto nyuma yake.

Alipokuwa akila alieleza jinsi mama yake anavyoufanya, na maelezo yake yalikuwa marefu kuliko mlo wenyewe. Njugu husagwa mbichi au zikiwa zimekaangwa kidogo tu, hukorogwa na maji baridi, kisha hupikwa kwa moto mdogo, mwiko hautoki mkononi, hadi mafuta yaelee juu yenyewe. Nusu saa, wakati mwingine zaidi. Ng'ambo ya mpaka, Waganda nao huupika hivyo hivyo, wakiuita binyebwa, ukiwa na rangi ya waridi iliyoiva kwa sababu ganda jekundu la njugu husagwa pamoja, nao huumwagia matoke. Tanzania utaukuta katika mboga za majani, katika kisamvu, kwa kuku. Nyanza na Magharibi yote inaujua. Ukitazama ramani ya mchuzi huu, eneo kubwa la Afrika Mashariki lilikuwa limeshaufanyia kazi kabla yeyote hajafikiria kuuweka kwenye tambi.

"Hii yako ni haraka kwa sababu njugu zimeshakaangwa zikaiva," akasema. "Kuna mtu alishapika."

Sentensi hiyo aliisema akilamba kijiko, bila kukusudia falsafa yoyote, lakini imenikaa.

Njugu hii, yaani karanga, si mwenyeji wa huku. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na ilivushwa bahari na Wareno katika karne ya 16. Ilipofika Afrika ilikuta binamu yake, njugu mawe, ambayo babu zetu walikuwa wakiilima tangu zamani, ile ya mviringo na ngumu inayochemshwa kwa saa nyingi. Mgeni alishinda. Alikuwa na mafuta mengi: karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na karibu robo ni protini, na ukiikaanga unaweza kuila palepale. Wareno na Wahispania waliisambaza hadi Asia nako, na Wajava wakaifanya mchuzi wa mishikaki na wa mboga. Kwa hiyo katika sufuria ya chumba kimoja hapa Athi River vinakutana vitu viwili vilivyopita njia ndefu: tambi zilizobuniwa Ikeda na kunogeshwa Indonesia, na mbegu ya Amerika iliyokuzwa Ndhiwa au Rongo. Naona kuna haki fulani katika hilo. Mchana, kitambaa cha Asia kinapewa jasho la Athi River na kuondoka. Usiku, wazo la Asia linapewa njugu za Nyanza, na hili halipandi meli. Linaliwa hapa hapa na watoto wa mshonaji.

Lakini ile haraka niliyoisifu inatoka wapi hasa? Niliuliza huko njugu zinakolimwa, nikajibiwa kwa vidole gumba. Mkulima mdogo wa njugu, ambaye mara nyingi ni mwanamke, hung'oa, hukausha, kisha hubambua ganda moja moja kwa mkono. Gunia moja la maganda ni siku kadhaa za kazi hiyo, na kidole gumba huvimba mpaka hakikunjiki. Sasa kuna njia ya kuwahi: ukiyanyunyizia maganda maji, yanalainika na kupasuka kwa urahisi. Mwenye kununua anangoja na pikipiki, watoto wanangoja karo, gumba linauma. Maji yananyunyizwa.

Na hapo ndipo kuvu huingia. Kuvu hiyo, Aspergillus flavus, hupenda joto na unyevu, na hutoa sumukuvu, sumu isiyo na ladha wala harufu, ambayo kwa kiasi kidogo cha kila siku huharibu ini polepole na kuleta saratani, na kwa kiasi kikubwa huua kwa siku chache. Sisi wa kaunti hii ya Machakos hatuhitaji kuelezwa sana. Mwaka 2004, Makueni, Kitui, Machakos na Thika zilikumbwa na sumu hiyo kupitia mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu: watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 wakafa. Njugu ni rafiki wa kuvu ile ile. Mwanzoni mwa 2019, KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, liliagiza chapa kadhaa za siagi ya njugu ziondolewe madukani kwa sababu sumukuvu ilizidi kiwango. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kila kilo, na za aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, zisizidi 5. Kukaanga hupunguza sumu hiyo lakini hakuimalizi. Kupika ndiyo kabisa hakuimalizi.

Hili ndilo linalonifanya nisite kila mtu anaposifu chakula cha haraka, na pia kila anapokitukana. Muda haupunguzwi, unahamishwa. Dakika kumi na mbili zangu ni siku za gumba la mtu wa Ndhiwa, na mvuke wa kiwanda cha tambi, na asubuhi ya mtu aliyezikaanga njugu. Muda huo ukikamuliwa mahali pasipo na nafasi, ukadaiwa kwa bei isiyotosha, unatafuta njia ya kujificha: maji kwenye ganda, kuvu kwenye punje, ini la mlaji aliye mbali. Vivyo hivyo tageti ya saa ikikazwa kupita kiasi kule ndani, sindano hupita kwenye kidole. Mshonaji jirani yangu anacho kidole hicho, cha shahada, mkono wa kushoto. Hakukionyesha ili nihurumie. Alikuwa akishika kijiko.

Wapo watakaosema basi turudi kwenye maharagwe. Sikubaliani nao. Anayetoka zamu jioni hawezi kubeba peke yake mzigo wa kurekebisha namna dunia inavyogawa muda, tena kwa kusimama jikoni hadi saa tatu usiku. Ale haraka, alale. Tena mlo huu una faida ambayo indomi tupu haina: njugu zinashibisha mpaka asubuhi, sukuma ipo, chumvi imepungua, na mtoto anayekataa mboga huzila zikiwa zimejificha katika mchuzi. Nimeona watu wakitumia fedha nyingi zaidi kwenye chipsi za kibandani na kulala njaa.

Kinachowezekana ni kuchagua muda wa nani unaununua. Siagi ya duka kubwa huwa na sukari, chumvi na mafuta mengine yaliyoongezwa ili isitengane, na mchuzi wake huwa mtamu kwa namna ya peremende. Soma kibandiko nyuma, na kama kuna kitu zaidi ya njugu na chumvi kidogo, irudishe rafuni. Usipoona alama ya KEBS, iache pia. Lakini katika masoko yetu, Kitengela, Mlolongo na hapa mjini, wapo wanawake wenye mashine ndogo za umeme wanaosaga wewe ukiwa umesimama. Mtazame kabla ya kusaga. Mzuri huzimwaga njugu kwenye ungo na kuzichambua: zilizonyauka, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu hutupwa pembeni, hata kama ni nyingi za kutosha kumuuma. Kuchambua huko hupunguza sumukuvu kuliko chochote kinachoweza kufanyika jikoni mwako, kwa maana sumu hukusanyika katika punje chache mbovu. Onja moja. Sumu yenyewe ulimi hauitambui, lakini ikiwa chungu, aga kwa heshima uende kwa mwingine.

Kuchambua hakuonekani kwenye mizani. Aliyetupa punje mbovu anauza kilo pungufu kuliko jirani yake aliyesaga zote, na ndiye huyo tunayemwambia apunguze bei kwa kuwa wa pale ni nafuu. Ukimpata anayechambua mbele yako, mlipe alichotaja, urudi tena kwake. Robo kilo inatosha watu wawili kwa wiki nzima, wasipoupika mlo huu kila usiku, na iwekwe mahali pakavu, kifuniko kikiwa kimekazwa.